Mwili Hauna Ndiva: Mwongozo wa Maji na Chumvi kwa Mkazi wa Hedaru

Februari ya Hedaru haina mzaha. Vuli imekwisha, masika haijafika, na upepo mkavu wa tambarare hukausha jasho mgongoni kabla halijatiririka, hata mtu akaapa kwamba leo hakutoka jasho. Itazame jioni fulana nyeusi ya mkata mkonge: ile michirizi myeupe ya mgongoni na kwapani ni chumvi iliyobaki baada ya maji kupaa. Mwili umepoteza maji na chumvi kwa pamoja, lakini si kwa uwiano ule ule uliomo kwenye damu. Kusawazisha hesabu hiyo ni kazi ya figo.

Mwongozo huu unaeleza figo zinavyofanya kazi hiyo, kisha unatoa kanuni za kufuata shambani, jikoni, safarini na wakati wa kuhara. Kanuni zenyewe ni za mtu mzima mwenye afya. Kama una ugonjwa wa moyo, figo au ini, anza na sehemu ya "Wasiohusika na kanuni hizi" kabla ya kubadili chochote.

Figo zinavyofanya kazi

Figo ni mbili, kila moja inakaribia ukubwa wa ngumi yako. Zimekaa upande wa mgongoni, chini ya mbavu za mwisho, moja kulia na moja kushoto kwa uti wa mgongo. Ziko juu kuliko watu wengi wanavyodhani, na ndiyo sababu maumivu ya kiuno baada ya kulima mara nyingi ni ya misuli, si ya figo.

Kila dakika moyo hupeleka kwenye figo karibu lita moja ya damu, yaani takriban moja ya tano ya damu yote unayoisukuma. Ndani ya kila figo mna vichujio vidogo sana, nefroni, vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja vichujio hivyo hupitisha maji kama lita 180, ambayo ni madumu tisa ya lita 20. Unachokojoa ni lita moja hadi mbili tu. Yaliyobaki yote hurudishwa kwenye damu. Chumvi nayo huenda hivyo hivyo: inayochujwa kwa siku hukaribia kilo moja na nusu, na inayotoka ni gramu chache, takriban sawa na zile ulizokula. Kwa hiyo kazi kubwa ya figo ni kurudisha. Mkojo ni kile kidogo ambacho figo zimeamua kutokirudisha.

Anayetoka Bangalala, penye ndiva ya Manoo, ataushika mpango huu haraka. Ndiva, yaani bwawa dogo la umwagiliaji, hukusanya maji ya mfereji wa mlimani, lango hufunguliwa, maji yakagawiwa kwa zamu chini ya macho ya msimamizi. Kwenye figo pia kuna malango, na msimamizi wake ni ubongo. Ila mfano unakatikia hapo, na hapo unapokatikia ndipo penye somo la mwongozo huu wote: nyuma ya malango ya figo hakuna bwawa. Kibofu si ndiva. Maji yaliyofika kwenye kibofu yameshatupwa, hayarudi kwenye damu hata kama kiu itakuua. Figo zinaweza kupunguza upotevu wa maji. Haziwezi kukuwekea akiba ya saa nane mchana kutokana na maji uliyokunywa alfajiri. Ukinywa lita mbili kwa mkupuo kabla ya kwenda shambani, figo zenye afya zitakuwa zimemwaga sehemu kubwa ya maji hayo kabla jua halijawa kali.

Maji hupangwa kwa saa, chumvi kwa siku

Tofauti hii ukiielewa, kanuni zote zitakazofuata hazitakupa shida.

Kuhusu maji, mwili hupima ukali wa chumvi kwenye damu. Sodiamu, ambayo ni sehemu kuu ya chumvi ya mezani, hukaa kati ya milimoli 135 na 145 kwa lita ya damu. Damu ikikolea kwa asilimia moja au mbili tu, sehemu fulani ya ubongo hufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: inakuletea kiu, na inatoa homoni iitwayo vasopresini. Homoni hiyo husafiri na damu hadi kwenye mirija ya mwisho ya nefroni, ikafungua matundu madogo mno yanayopitisha maji peke yake. Matundu hayo huitwa akwaporini, na kuyagundua kulimpa Mmarekani Peter Agre Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Maji hurudi kwenye damu, mkojo hupungua na kukolea. Ukinywa ukashiba, homoni hupungua, matundu hufungwa, na ndani ya saa moja au mbili unakojoa mkojo mwepesi kama maji.

Lakini figo za binadamu zina kikomo. Haziwezi kukoleza mkojo zaidi ya mara nne ya ukali wa damu. Ng'ambo ya milima, katika Hifadhi ya Mkomazi, swala twiga na choroa hukaa muda mrefu bila kunywa, wakitegemea maji yaliyomo kwenye majani na figo zinazokamua mkojo mzito. Wewe huna figo hizo. Hata usiponywa tone, unahitaji karibu nusu lita ya mkojo kila siku ili kuondoa taka za mwilini. Ongeza maji yanayotoka kwa pumzi na kwa ngozi hata ukiwa umekaa kivulini, na utaona kwamba mtu asiyekunywa kitu hupoteza zaidi ya lita moja kwa siku kabla hajashika jembe.

Kuhusu chumvi, mwili huangalia kitu kingine: ujazo wa damu na nguvu ya msukumo wake. Chumvi huvuta maji. Chumvi ikiwa nyingi mwilini, maji yanayoizunguka huwa mengi, na mishipa hujaa. Ujazo ukipungua, figo zenyewe hutoa kemikali iitwayo renini, ambayo huanzisha mnyororo unaoishia kwenye homoni ya aldosteroni kutoka tezi zilizokaa juu ya figo. Aldosteroni huziambia figo zishikilie sodiamu, na maji huifuata. Ujazo ukizidi, moyo uliotanuka hutoa homoni yake ya kuziambia figo ziachie chumvi.

Mpango huu wa chumvi ni wa polepole. Huchukua siku kadhaa, si saa. Ndiyo maana baada ya sherehe yenye nyama choma na supu ya chumvi nyingi, kesho yake pete inabana na mizani inaonyesha umeongeza kilo. Hayo ni maji yaliyoshikiliwa na chumvi, yanasubiri figo zipate nafasi ya kuitoa. Mtu anayekula chumvi nyingi kila siku haziachii figo nafasi hiyo. Mishipa hubaki imejaa, presha hupanda, na presha hiyo huumiza vichujio vile vile vilivyotakiwa kuitoa chumvi. Figo zikidhoofika hutoa chumvi kidogo zaidi, presha nayo ikazidi kupanda.

Kusoma mkojo wako

Huhitaji maabara ili kujua figo zinafanya nini na maji yako. Tazama rangi, hasa ya mkojo wa mchana, maana wa alfajiri hukolea hata kwa mtu aliyekunywa vizuri.

- *Manjano hafifu, kama majani makavu ya mpunga:* maji yanatosha.
- *Manjano iliyokolea, kidogo na yenye harufu kali:* vasopresini iko kazini. Kunywa sasa, usingoje chakula cha mchana.
- *Mweupe kama maji siku nzima, na unakojoa kila saa:* unakunywa kupita mahitaji. Lakini kama kiu nayo haikatiki, pima sukari.
- *Mwekundu, au mweusi kama soda ya kola:* nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Inaweza kuwa damu, au misuli iliyoharibika kwa kazi ngumu juani.
- *Povu lisilopotea, kila siku:* huenda figo zinavujisha protini. Kapime.

Dawa za kifua kikuu zenye rifampisini hugeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, na vidonge vya vitamini B huufanya uwe wa njano kali. Hiyo ni rangi ya dawa, isikutishe wala isikudanganye.

Siku ya kazi juani

Mkata mkonge kwenye mashamba ya kando ya reli ya Tanga na Moshi, fundi ujenzi, mbeba mizigo, mchunga ng'ombe na dereva wa bodaboda wote wanakutana na tatizo moja. Kazi nzito kwenye joto inaweza kutoa lita moja ya jasho kwa saa, na kwa wengine zaidi. Fuata utaratibu huu:

1. Kunywa kikombe kimoja au viwili kabla ya kuanza. Usijaze tumbo, umeshaona kwamba hakuna bwawa la kuyahifadhi.
2. Ukiwa kazini juani, kunywa kikombe kimoja, kama mililita 250, kila baada ya dakika 15 hadi 20. Beba kidumu cha lita tano na ukiweke kwenye kivuli karibu nawe, si kwenye mti wa mbali. Maji ya mbali hayanyweki.
3. Usizidishe lita moja na nusu kwa saa. Maji mengi kupita uwezo wa figo wa kuyatoa hushusha sodiamu kwenye damu; kichwa huuma, mtu hutapika, huchanganyikiwa, na anaweza kupata degedege. Mwenzako akiwa hivyo naye amekunywa madumu, usimwongezee maji, mkimbize hospitali.
4. Rudisha chumvi kwa chakula. Ugali na mboga, makande au uji wenye chumvi kidogo hutosha kwa kazi ya kawaida. Kulamba chumvi kavu hakufai: hukoleza damu na kuongeza kiu.
5. Pumzika kivulini saa za jua kali. Kama mwenye shamba anakubali, anzeni alfajiri na mmalize mapema.
6. Aliyeshuka jana kutoka Chome, Vunta au Suji asishindane na mwenyeji wa tambarare. Mwili uliozoea ubaridi wa mlimani huhitaji wiki moja hadi mbili kujifunza kutoa jasho mapema na lenye chumvi kidogo, na aldosteroni ndiyo mwalimu wake. Wiki ya kwanza apewe nusu kazi, kisha aongezewe.

Kuna sababu ya kuyashika haya hata kwa kijana mwenye nguvu. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador waliripoti wagonjwa wengi wa figo wasiokuwa na kisukari wala presha ya muda mrefu. Wengi walikuwa wanaume waliofanya kazi mashambani, na baadaye ugonjwa kama huo ukaonekana kwa wakata miwa wa Nicaragua. Chanzo chake bado kinajadiliwa, ila kazi nzito kwenye joto na kukaukiwa maji siku baada ya siku vinatajwa miongoni mwa washukiwa wakuu. Dawa iliyopelekwa kwenye mashamba hayo ni maji, kivuli na mapumziko. Vyote vitatu vinaweza kupatikana Hedaru.

Maji ya dumu na maji ya kisima

Anayenunua maji kwa dumu huwa na tabia ya kubana pale pasipofaa kubanwa: mdomoni. Piga hesabu. Watu wazima watano wakinywa lita mbili na nusu kila mmoja, jumla ni lita 12 na nusu, haifiki dumu moja. Yanayomaliza madumu ni kufua, kuosha vyombo na kuoga. Bana huko: maji ya kusuuzia nguo yatumike kupigia deki, ya kuoshea mboga yamwagiwe mgomba.

Kama kisima chenu kina maji ya chumvichumvi, kumbuka kwamba kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi chumvi; maji yakipungua sufuriani chumvi hukolea zaidi. Maji hayo yatumike kwa usafi, na ya kunywa yatafutwe kwingine: bomba, au mvua iliyokingwa kwenye bati safi baada ya mvua za kwanza kuosha paa. Kwa mwenye presha jambo hili ni la lazima.

Chai ya rangi, uji, supu na matunda vyote vinaingia kwenye hesabu ya maji. Dhana kwamba chai inakausha mwili haina msingi mkubwa kwa anayeinywa kila siku. Pombe ndiyo yenye kesi. Bia, na hata dengelua ya miwa, huzuia vasopresini isitoke, matundu ya kurudisha maji yakabaki yamefungwa, na ukakojoa zaidi ya ulivyostahili. Usiitumie kukata kiu baada ya kazi; kunywa maji kwanza.

Safarini

Hedaru iko kwenye barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha, na wasafiri wengi wa mabasi wana mkakati mmoja: kutokunywa, ili wasimsumbue dereva kwa ajili ya kuchimba dawa. Siku moja hivyo haiharibu figo zenye afya. Kuifanya iwe desturi, hasa kwa dereva na kondakta, huacha mkojo uliokolea kila siku, na humo ndimo mawe ya figo huanzia. Kunywa mafunda machache kila baada ya muda, kojoa kila basi linaposimama hata kama hujabanwa sana, na usibane mkojo kwa saa nyingi. Kwa mwanamke, kubana mkojo mara kwa mara huongeza hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo.

Chumvi jikoni

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kilichofutwa juu. Kupima kwa kijiko kwenye sufuria ya familia ni vigumu, kwa hiyo pima kwa pakiti. Watu wazima watano kwa gramu 5 kila mmoja ni gramu 25 kwa siku. Pakiti ya nusu kilo, basi, isiishe kabla ya siku 20. Andika tarehe kwenye pakiti kwa kalamu siku unayoifungua. Ikiisha siku ya kumi, mmekula mara mbili ya kipimo. Na kama watu wa nyumbani wanakula pia kwa mama ntilie, pakiti inatakiwa ichukue siku nyingi zaidi.

Chumvi haimo kwenye pakiti tu. Iangalie hapa:

- Magadi kwenye makande. Magadi hulainisha mahindi na maharage na kuokoa kuni, lakini nayo ni sodiamu, ingawa ulimi hauihesabu kama chumvi. Loweka mahindi na maharage usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, kisha pika. Utahitaji magadi kidogo sana au usihitaji kabisa. Ukitia magadi, punguza chumvi.
- Samaki wa chumvi. Loweka kwenye maji, badilisha maji mara mbili, ndipo upike. Usiongeze chumvi nyingine.
- Vidonge na unga wa kunogesha mchuzi. Sehemu kubwa yake ni chumvi. Ukivitumia, usitie chumvi ya kawaida.
- Chumvi ya mezani. Iondoe mezani. Embe bichi na mahindi ya kuchoma vipate ndimu na pilipili.

Tangawizi inayolimwa Mamba na Miamba, kitunguu saumu, ndimu na nyanya hujaza nafasi ya chumvi vizuri kuliko wengi wanavyotegemea. Punguza taratibu, kidogo kila wiki, kwa sababu ulimi huchukua wiki kadhaa kuzoea. Na unapopunguza, usiache kununua chumvi yenye madini joto. Unahitaji kidogo, lakini iwe hiyo.

Kuhara na kutapika

Anayehara hupoteza maji na chumvi kwa pamoja, na maji matupu hayatoshi. ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari unaoyeyushwa kwenye maji, hufanya kazi kwa sababu ukuta wa utumbo una mlango unaopitisha sodiamu pamoja na sukari; vikifika vyote viwili, maji huvifuata hata wakati wa kipindupindu. Mwaka 1971 daktari Mhindi Dilip Mahalanabis aliutumia mchanganyiko wa namna hii kwenye kambi ya wakimbizi wa Bangladesh, ukaokoa watu wengi pale ambapo dripu zilikuwa hazitoshi.

Soma pakiti ujue ni ya lita ngapi, changanya na maji safi na salama, na umwage yaliyobaki baada ya saa 24. Usipopata pakiti, tengeneza nyumbani: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimefutwa juu, visiwe na kilima. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Onja: yasizidi ladha ya chumvi ya machozi.

Mtoto chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, kwa kijiko, polepole. Wa miaka miwili hadi kumi apewe mililita 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika kumi, kisha endelea taratibu zaidi. Mpe pia vidonge vya zinki kama mhudumu wa afya atakavyoelekeza, na usiache kumnyonyesha. Macho yakizama, akilegea, akishindwa kunywa au asipokojoa kwa saa sita hadi nane, mpeleke kituoni mara moja.

Dawa zinazozifunga figo mikono

Mtu anarudi kutoka shambani, mgongo unauma, mkojo umekolea, anapita duka la dawa kuchukua diklofenaki au ibuprofeni. Hakuna wakati mbaya kwa dawa hizo kama huo. Mwili ukikaukiwa maji, figo hutegemea kemikali zake zenyewe ili kuuacha wazi mshipa unaozipelekea damu. Dawa hizi huzuia kemikali hizo, damu ya figo hupungua ghafla, na vichujio vinaweza kusimama. Kunywa maji kwanza na upumzike. Ikibidi dawa, chagua parasetamoli kwa kipimo chake. Mwenye presha, kisukari au umri mkubwa asitumie diklofenaki au ibuprofeni bila kumuuliza daktari, na asichomwe sindano ya diklofenaki kwa mazoea.

Kuhusu chupa za "kusafisha figo" zinazouzwa stendi: figo zenye afya hazihitaji kusafishwa, na zilizo gonjwa zinaweza kumalizwa na mizizi isiyojulikana kipimo chake.

Wasiohusika na kanuni hizi

*Mtoto chini ya miezi sita.* Bibi akisema mjukuu ana kiu kwa joto hili, mjibu kwa heshima kwamba maziwa ya mama karibu yote ni maji, na figo za kichanga bado hazijaweza kushughulikia maji ya ziada. Anyonye mara nyingi zaidi, maji asipewe.

*Wazee.* Kiu hupungua kwa umri, na figo hupoteza uwezo wa kukoleza mkojo. Usimuulize babu kama ana kiu. Mpe kikombe kwa saa maalumu: asubuhi, saa nne, mchana, alasiri na jioni.

*Mjamzito.* Miguu kuvimba kidogo jioni ni kawaida. Uso au mikono kuvimba, kichwa kuuma sana, au macho kuona ukungu ni dalili za kifafa cha mimba. Aende kliniki siku hiyo hiyo, asingoje tarehe yake.

*Mgonjwa wa moyo, figo au ini.* Kwake maji mengi yanaweza kujaa mapafuni. Afuate kiasi alichopewa na daktari. Chumvi mbadala yenye potasiamu asiiguse bila ushauri, maana figo dhaifu hushindwa kuitoa potasiamu, ikauathiri moyo.

*Anayefunga Ramadhani.* Gawanya maji kati ya futari na daku badala ya kuyabugia yote wakati wa daku, na daku isiwe ya chumvi nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo, au kisukari kinachohitaji dawa, aonane na daktari kabla ya mwezi kuandama.

Vipimo, na mambo matatu ya wiki hii

Figo zinaweza kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake bila kukuuma popote. Utafiti uliofanyika wilayani Moshi na kuchapishwa mwaka 2015 ulikuta ugonjwa sugu wa figo kwa watu wazima 7 kati ya 100, mjini zaidi kuliko vijijini, na wengi wao hawakujua. Tanzania ilianza kupandikiza figo Muhimbili Novemba 2017, na hospitali ya KCMC, Moshi, inasafisha damu kwa mashine. Lakini kusafisha damu kwa kawaida ni mara mbili au tatu kwa wiki, na kila mara ni saa nne hivi. Kwa mtu wa Hedaru hiyo ni safari ya Moshi, zaidi ya kilomita 100 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, wiki baada ya wiki. Nauli peke yake inatosha kukushawishi upime mapema.

Wiki hii fanya matatu. Andika tarehe kwenye pakiti ya chumvi. Weka kidumu cha maji pale unapofanyia kazi. Kisha nenda kituo cha afya upime presha, sukari na mkojo. Kama una presha, kisukari au virusi vya UKIMWI, au ndugu yako wa damu aliugua figo, omba na kipimo cha damu cha kreatinini. Presha ipimwe ukiwa umekaa kwa utulivu dakika tano, mkono umeegemea meza, na kibofu kitupu. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti, anza matibabu, hata kama unajisikia mzima.